Kwa nini tundu la nguo ya mtoto hurudi baada ya kushonwa, na jinsi ya kutia kiraka kinachodumu

Swali: Shikamoo Fundi. Nina watoto watatu. Wawili wako shule ya msingi na wa mwisho ana mwaka mmoja na nusu. Cherehani sina, kwa hiyo kila Jumamosi nashona nguo zao kwa mkono. Kinachonishinda ni hiki: nikiziba tundu la goti la suruali, baada ya kufua mara mbili kitambaa huachia kando ya ule mshono wangu, na tundu la pili huwa kubwa kuliko la kwanza. Sweta la shule la mkubwa nalo limetoboka kiwikoni, na nilipolishona limejikunja kama mdomo wa mfuko uliofungwa kamba. Je, nakosea uzi, nakosea sindano, au ni mkono wangu tu? Na ile gundi ya kubandikia viatu inaweza kunisaidia?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mkono wako hauna kasoro, na hata ungetumia uzi bora kuliko wote sokoni, suruali hiyo ingeachia palepale. Goti la suruali halitoboki siku ile unayoliona tundu. Limekuwa likisagika kwa miezi, kila mtoto anapopiga magoti kucheza gololi au kuburuzika sakafuni, na nyuzi zimekuwa zikikonda kidogo kidogo mpaka mbili tatu za katikati zikakatika. Zinazolizunguka tundu bado zimeshikana, lakini nguvu zimeziishia. Ichukue suruali hiyo sasa hivi, ingiza mkono ndani ya mguu wake, kisha uinyanyue mbele ya dirisha au taa. Utaliona tundu lenye upana wa sarafu, na kulizunguka utaona eneo la ukubwa wa kiganja cha mtoto ambamo mwanga unapenya kama kwenye chujio la chai. Ukizivuta kingo za tundu zikutane na kuzishona, unakuwa umeweka mshono wenye nguvu juu ya kitambaa kisicho na nguvu, tena umekipunguzia nafasi. Mtoto akikunja goti, lazima kitu kimoja kiachie, nacho ni kile kitambaa kilichochoka kando ya mshono.

Kwa hiyo usilipime tundu, pima uchakavu. Chukua kipande cha sabuni au chaki, uchore mstari pale mwanga unapoacha kupenya, maana kiraka kinatakiwa kifike mpaka kwenye kitambaa kizima na kukishika huko. Karibu yote nitakayoyasema kuhusu suruali hapa chini yanatokana na mstari huo.

Hata hivyo, kabla ya kushika sindano amua kwanza nguo imepatwa na nini, kwa sababu Kiswahili chenyewe kimekwisha kutugawia kazi: kuna nguo iliyofumuka, kuna iliyochanika, na kuna iliyochakaa hata ikatoboka. Tatu hizi hazitibiwi kwa dawa moja.

Iliyofumuka ni ile ambayo uzi wa mshono umekatika huku kitambaa kikiwa kizima, kama kwapa la shati au mshono wa katikati ya miguu ya kaptula. Igeuze nguo ndani nje, anza sentimeta mbili kabla ya palipofumuka, kisha fuata mstari wa mshono wa zamani kwa mshono wa kurudi nyuma, yaani sindano itokee hatua moja mbele halafu irudi kuingia pale hatua iliyopita ilipoishia. Mshono wa bandi, ule wa kupenyeza sindano juu na chini mfululizo, haufai mahali panapovutwa, kwa kuwa ukikatika sehemu moja uzi wote hunyooka ukachomoka. Hii ni kazi ya dakika kumi na haina siri nyingine.

Iliyochanika ni ile iliyonaswa na msumari wa dawati au waya wa ua. Mara nyingi mchaniko huwa na kona, na kitambaa chake bado ni kizima hadi ukingoni. Hapa inaruhusiwa kuzikutanisha kingo, ila zisipandane. Weka kipande chembamba cha kitambaa kwa ndani, kishikize kwa bandi, halafu pitisha uzi kuvuka mchaniko kutoka upande mmoja kwenda wa pili, hatua zikaribiane, na urefu wake usilingane: moja iishie milimita 4 kutoka ukingoni, inayofuata milimita 7, inayofuata 5. Hatua zote zikiishia kwenye mstari mmoja, matundu ya sindano yanapangana kama matundu ya stempu, na nguo itachanika upya kwa kuufuata mstari huo. Kwenye kona ongeza hatua tatu au nne zinazotawanyika kama miale.

Sasa turudi kwenye goti lako, ambalo limechakaa. Kitu cha kwanza ni kitambaa cha kiraka. Kisiwe kizito kuliko suruali yenyewe, maana kiraka kigumu hukikata kitambaa laini pale kinapoishia. Ni vizuri pia kiwe cha jamii moja na suruali. Kama hujui una pamba au tetroni, yaani kitambaa cha nyuzi za viwandani, chomoa uzi mmoja kutoka kwenye pindo, ushike kwa kibano juu ya sahani na uuchome kwa kiberiti: pamba huungua ikanuka kama karatasi na kuacha majivu mepesi, tetroni huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu cheusi. Tofauti hii ina maana yake. Pamba mpya husinyaa ikiingia majini, tetroni haisinyai kiasi cha kuonekana. Nilipokuwa najifunza kazi niliwahi kutia kiraka cha kaki mpya ya pamba kwenye suruali ya mwanafunzi bila kukiloweka kwanza, na nilijivuna sana siku ile kwa sababu kilikaa kama kimechorwa. Wiki iliyofuata nguo ilirudi goti likiwa limejikunyata kama uso wa mtu aliyelamba ndimu, na fundi wangu akaniamuru niufumue mshono wote kwa wembe mbele ya mteja. Tangu siku hiyo kitambaa chochote cha kiraka nakiloweka katika maji ya moto, nakianika, nakipiga pasi, ndipo nakikata.

Kikate kiraka kizidi mstari wako wa chaki kwa sentimeta 2 kila upande, na upande wa chini ukiongezee mpaka sentimeta 4. Sababu ni kwamba suruali inaning'inia kutoka kiunoni, na mtoto akirefuka goti lake hushuka kwenye kitambaa. Sehemu itakayosagika miezi sita ijayo iko chini ya ile inayosagika leo. Pembe za kiraka zikate ziwe za mviringo, kwa kuwa pembe kali ndiyo ya kwanza kunyanyuka wakati wa kufua. Uangalie pia mwelekeo wa nyuzi. Ukikivuta kitambaa kwa urefu au kwa upana hakinyumbuki sana, lakini ukikivuta mshazari kinanyumbuka. Kiraka kikae ili nyuzi zake za mtande, yaani zile za urefu, zifuate nyuzi za mtande za suruali, la sivyo kimoja kitavutika huku kingine kikigoma, na utaona mikunjo ambayo pasi haiwezi kuiondoa.

Kwa kazi ya mkono napendelea kiraka kiwekwe kwa ndani. Geuza mguu wa suruali, lakini kabla ya kuchoma sindano ingiza ndani yake kitabu chembamba au kibao, kwa maana mguu wa mtoto ni mwembamba na kosa la kushona upande wa mbele pamoja na wa nyuma limewapata hata mafundi wazoefu. Laza kiraka, usikivute, kishikize kwa bandi pande zote. Kisha geuza nguo usoni. Nyuzi zilizokufa zinazoning'inia tunduni zikate mpaka upate ukingo unaoshikika, ukingo huo uukunje ndani nusu sentimeta, na kama haukubali kukunjika ukate vijipasuo vifupi vya milimita 3 au 4 kuuzunguka. Shona ukingo uliokunjwa juu ya kiraka kwa hatua ndogo za mshazari. Ukimaliza, rudi ndani na ushone ukingo wa nje wa kiraka, ule uliolala kwenye kitambaa kizima, kwa hatua ndogo vilevile, ukichota nyuzi mbili tatu tu za suruali kila mara ili mshono usionekane sana usoni.

Bado kazi moja, nayo ndiyo watu wengi huiacha. Kati ya ukingo wa tundu na ukingo wa kiraka kuna lile eneo lililochoka. Lijaze kwa mistari ya bandi iliyo sambamba, umbali wa milimita 5 mstari hadi mstari, ukishona suruali na kiraka kwa pamoja. Kwa njia hiyo kitambaa kilichochoka kinakuwa kama mgonjwa aliyebebwa mgongoni: kipo, lakini hakitembei kwa miguu yake. Bandi niliyoikataza kwenye mshono wa kwapa hapa inafaa, kwa kuwa mistari ni mingi na hakuna mmoja unaobeba mzigo wote.

Kuhusu uzi na sindano uliouliza: tumia uzi wa kawaida wa cherehani, mmoja, usiukunje mara nne kwa kudhani unaongeza nguvu, maana uzi mnene hukisaga kitambaa kama msumeno. Urefu wa dhiraa moja, kutoka ncha ya kidole cha kati hadi kiwikoni, unatosha; ukizidi hapo unajisokota na kufunga mafundo. Sindano za mkono huhesabiwa kinyume na za cherehani, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, na kwa kaki au tetroni namba 7 au 8 inafaa. Na ununue subana, mwanangu. Ni kidude cha bei ndogo kinachovaliwa kidoleni, na mtu anayeshona kaki bila subana huanza kuruka hatua pale kidole kinapoanza kuuma.

Makalio ya kaptula hutengenezwa kwa njia hiyohiyo, ila hapo nashauri utie viraka viwili vinavyolingana hata kama ni upande mmoja tu uliotoboka. Upande wa pili haujapona, umechelewa tu; na watoto hawana huruma, kiraka kimoja huchekwa kuliko viwili vilivyofanana ambavyo huonekana kama mtindo uliokusudiwa.

Sweta ni jambo jingine kabisa, kwa sababu halikufumwa kwa mtande na mshindio, yaani nyuzi za upana zinazopishana na zile za urefu. Limeundwa kwa vitanzi vilivyoshikana kama mnyororo. Kitanzi kimoja kikikatika, jirani yake anabaki bila wa kumshika, na tundu hupanda juu au kushuka kila sweta linapovutwa. Ulipozivuta kingo zikutane ulikunja vitanzi vilivyotakiwa kunyumbuka, ndiyo maana kiwiko kikawa mdomo wa mfuko. Fumua mshono huo taratibu kwa ncha ya sindano, usitumie mkasi. Dawa ya sweta ni kutililia, yaani kufuma kitambaa kipya ndani ya tundu kwa sindano na uzi.

Uzi utaupata bila kununua: fumua sweta kuukuu la rangi hiyo, au angalia mishono ya ndani ambako mara nyingi huachwa ncha ndefu. Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi. Uzungushe kwenye chupa, uuloweshe na uuache ukauke, utanyooka. Kama uzi huo ni mnene kuliko wa sweta, uachanishe, maana mara nyingi huwa nyuzi mbili au tatu zilizosokotwa pamoja. Tafuta sindano yenye tundu pana na ncha butu, ili ipite kati ya vitanzi bila kuvipasua.

Ingiza kikombe kidogo ndani ya mkono wa sweta, tundu likae juu ya kitako chake, ukilishika kwa chini lisivutike. Wazee wetu walitumia kipande cha kibuyu. Chochote cha mviringo na laini kinafaa. Kwanza vikamate vitanzi vilivyo wazi kwa kupitisha uzi mwembamba ndani yake kuzunguka tundu, usivikate. Kisha anza sentimeta moja na nusu nje ya tundu, kwenye sweta zima, upitishe uzi kwa urefu, ukichota kitanzi kimoja na kuruka kimoja, ukifika tunduni vuka hewani, uendelee upande wa pili sentimeta moja na nusu nyingine. Unapogeuka kurudi, usikaze: acha kijikunjo kidogo cha uzi mwishoni mwa kila mstari, karibu upana wa punje ya mtama. Sweta likifuliwa uzi mpya hujivuta, na vijikunjo hivyo ndivyo vitakavyoupa nafasi. Mistari ya urefu ikishajaa, ugeuze mwelekeo ufume ya upana, juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata, mstari wa pili kinyume cha wa kwanza, kama msusi wa mkeka anavyopishanisha ukindu. Sukuma kila mstari ukaribiane na mwenzake kwa ncha ya sindano. Mwisho usifunge fundo. Penyeza ncha ya uzi ndani ya vitanzi vizima mara tatu nne kisha kata.

Mara ya kwanza itakuchukua saa nzima, na kazi haitakuwa ya kupendeza sana. Ifunike kwa kitambaa chenye unyevu na uigusishe pasi ya moto mdogo bila kukandamiza. Nasisitiza moto mdogo, kwa sababu masweta mengi ya shule ni ya nyuzi za viwandani, ambazo pasi kali, hasa ya mkaa isiyopimika moto, huzilainisha zikang'aa na zisirudi tena. Tetroni nayo isipigwe pasi bila kitambaa juu yake.

Fulana ni ndugu wa sweta, kwa maana nayo ni ya vitanzi, lakini vidogo mno kutililia. Tia kwa ndani kiraka cha fulana nyingine laini, kinyumbuke upande uleule inakonyumbukia fulana, na ushone kwa hatua legevu.

Gundi, sasa. Ile gundi kali ya matone inayokauka papo hapo, usiiguse nguo nayo kabisa. Ikikutana na pamba hupata joto la ghafla linaloweza kuunguza ngozi, na hata ikipoa inaacha doa gumu kama ganda la konokono ambalo litamkwaruza mtoto na kuvunjika kwenye mkunjo wa kwanza. Ile ya manjano ya mafundi viatu haina hatari hiyo ya joto, lakini inapenya kitambaa na kuacha doa lisilotoka. Viraka vya kubandika kwa pasi si vibaya, ila gundi yake hushikwa na joto na hulegezwa na kufikichwa; kwa kuwa sisi wengi tunafua kwa mikono na kufikicha magoti ndiyo kazi yenyewe, kizungushie mshono mara tu unapomaliza kukibandika.

Nguo za huyo wa mwaka mmoja na nusu nazitenga. Usimtilie kiraka kilichopambwa kwa kifungo, shanga au kidude chochote kinachoweza kung'oka, kwa sababu mtoto wa umri wake hutia kila kitu mdomoni, na pini ya kushikizia isibaki kwenye nguo hata kwa muda wa kungojea Jumamosi. Mafundo ya uzi yaweke kati ya kiraka na nguo, yasiguse ngozi.

Ratiba yako nayo ina kasoro moja ndogo. Ukishona Jumamosi nguo iliyotoboka Jumanne, imekwisha kufuliwa katikati ya wiki na tundu limekwisha kupanuka majini. Nguo inatakiwa ifuliwe kabla ya kutiwa kiraka, hilo ni kweli, maana kushona juu ya jasho na vumbi ni kuifungia nguo uchafu. Lakini kabla haijaingia kwenye beseni, lizungushie tundu bandi ya haraka ya dakika mbili. Na sare mpya ikinunuliwa mwezi wa kwanza, iloweke, ianike, kisha utie viraka vya ndani kwenye magoti kabla mtoto hajaivaa hata siku moja. Kitambaa bado ni kizima pande zote, na sindano inapita kwa raha.

Iko hali moja ambapo nakushauri usishone. Ukiinyanyua suruali mbele ya dirisha ukaona mwanga unapenya kutoka mshono wa pembeni hadi mshono wa ndani, hakuna kitambaa kizima cha kushikia kiraka kwa upana. Hapo ikate juu ya goti, upinde, iwe kaptula ya nyumbani. Vile vipande viwili vya chini ya goti usivitupe: vimekwisha kusinyaa, vimepauka rangi kama ilivyopauka suruali ya mdogo wa mtoto huyo, na vinatosha kutoa viraka vinne.